Nane Mbili na Hongo ya Mgogo

Kwa Jumapili kumi na moja baada ya mazishi ya mke wangu nilikaa kwenye kiti chake cha karata na sikucheza hata mgao mmoja. Nilikuwa natupa tu. Nikipewa karata mbaya natupa, nikipewa nzuri natupa. Siku moja nilipewa ree mbili, ambazo hakuna zaidi yake, nazo nikazitupa, na nilijua ninachokitupa.

Lazima nieleze meza hii ni ipi, maana wengi wakisikia karata wanafikiria vijana wa kijiweni wenye hela chini ya kandambili. Yetu ilikuwa meza ya kwenye simu. Mchezo unaitwa poka. Kila mtu anapewa karata mbili anazoziona peke yake, kisha zinafunuliwa tano katikati ya meza, ambazo ni za wote. Unaunganisha zako na zile za wote ili upate mkusanyiko wa kumzidi mwenzako. Kabla hazijafunuliwa, na kila zinapofunuliwa, watu wanaweka dau. Anayetaka kuendelea anafuata, yaani anaweka sawa na mwenzake; anayeona zake hazifai anatupa na kukaa pembeni mpaka mgao unaofuata. Hatukucheza kwa hela. Dau lilikuwa visahani vya rangi, vile unavyogawiwa bure na mchezo wenyewe, na huwezi kununulia hata kiberiti. Mke wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama kwenye kanisa letu la Moravian, na kabla hajaanza alinihakikishia jambo hilo mara mbili, kana kwamba mimi ndiye mchungaji.

Alikuwa mama lishe karibu na stesheni hapa Tabora. Kati ya wateja wake alikuwepo Mgogo mmoja aliyekuwa akikagua tiketi kwenye treni. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na utani huo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwa miguu kutoka huku mpaka pwani. Walipofika Ugogo walidaiwa hongo. Hongo ya siku zile haikuwa hii ya ofisini, ilikuwa ushuru wa njia: unatoa kitambaa au shanga, ndipo unaruhusiwa kunywa maji na kupita. Mpaka leo Mgogo akimwona Mnyamwezi anamwita mpagazi na kumdai hongo, na Mnyamwezi naye anamjibu kwamba kuomba hakukuanza leo. Anayekasirika ndiye anayechekwa.

Treni ikisimama, Mgogo alishuka na kofia yake ya kazi, akasimama mbele ya meza ya mke wangu.

"Mpagazi, leo kuna nini sufuriani?"

"Kuna wali. Ila wa Wagogo umeisha."

"Basi nipe ule wa kuomba."

"Huo ndio ulioisha mapema."

Na alikuwa ameshampakulia.

Alipostaafu alirudi kwao upande wa Dodoma. Kisukari kikamshika, mguu mmoja ukakatwa chini ya goti. Siku moja alimpigia mke wangu. "Mpagazi, nimewekwa hapa kama gunia la mtama. Nimegundua mchezo kwenye simu. Njoo ucheze na mimi kabla sijaota ukungu." Mke wangu akaingia, akamwingiza na mdogo wake, shemeji yangu, mkulima wa kule Lusu, wilaya ya Nzega. Meza ikawa ya watu watatu, kila Jumapili mchana baada ya ibada na chakula. Simu ya mke wangu ilikuwa ya mchezo. Ya kwangu, ndogo na ya zamani, waliunganishwa humo wote watatu kwa maongezi, ikawekwa sauti kubwa juu ya kigoda.

Kwa shemeji yangu mtandao ulikuwa haushiki ila juu ya kichuguu kilicho nyuma ya shamba la mihogo. Alicheza akiwa amekaa juu ya kichuguu chini ya mwavuli. Mara nyingine dau likiwa kubwa kabisa tulisikia, "Jamani subirini, siafu!" na kila kitu kilisimama, Dodoma na Tabora, mpaka amalize kujikung'uta.

Mimi sikucheza. Mimi ni fundi seremala, nimesoma mpaka darasa la saba, karakana yangu iko uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo. Nilikuwa nakaa kando ya mke wangu nikinoa msumeno, na yeye ananiegemezea simu nione. Kwenye meza ile kila mtu ana picha yake. Mgogo aliweka kofia ya kazi. Shemeji aliweka jogoo. Mke wangu aliweka sufuria yake ya wali, ile kubwa iliyobonyea upande mmoja.

Katika poka kuna dau la lazima. Kila mgao kuna mtu anayetoa visahani kabla hata hajaona karata zake, na zamu inazunguka meza. Mgogo aliliita hongo tangu siku ya kwanza, na jina likakaa. "Lipa hongo, mpagazi. Unapita kwangu." Na alipoweka dau kubwa ili mke wangu aogope atupe, alisema, "Tua mzigo! Tua mzigo upumzike, njia bado ndefu." Mke wangu alitua au hakutua kwa akili yake, wala hakuwahi kutishika. Mwaka mzima alikuwa anawashinda wote wawili.

Kitu alichonifundisha vizuri ni nane mbili.

Ukipewa ree mbili au wafalme wawili huna la kufikiri, unaweka dau. Ukipewa mbili na saba unatupa. Tabu ni zile jozi za katikati, saba mbili, nane mbili, tisa mbili. Ukiziona unafurahi, maana ni jozi tayari. Lakini karata yoyote kubwa ikifunuliwa mezani, mwenzako akiwa nayo mkononi, jozi yako imekwisha. Ni nzuri mno kuzitupa na ni dhaifu mno kuziamini.

Kila alipozipata alinionyesha. "Fundi, ungefanyaje?"

Fundi ndilo jina aliloniita tangu uchumba.

"Ningefuata," nilisema. Siku zote nilisema hivyo.

"Wewe ungefuata hata na karatasi ya kiberiti." Kisha anazitupa, au anaweka vyote, na mimi sikuelewa tofauti. Siku nilipomwuliza, alinijibu kwa lugha ya kazi yake.

"Nane mbili ni uji. Kama umeshiba, uji ni maji tu, mwachie mwenzako. Kama una njaa, uji ni chakula, unakunywa wote na unashukuru. Angalia kwanza una njaa au umeshiba. Usiangalie unavyozipenda."

Alikuwa na maana hii: ukiwa na visahani vingi mbele yako, na mwenzako ametishia kwa dau kubwa, tupa nane mbili, mgao mwingine unakuja. Ukibakiwa na vichache, usizitupe, maana hongo itakumaliza kabla hujapata nyingine nzuri kama hizo. Nilielewa kichwani. Sikuwa nimeelewa zaidi ya hapo.

Ugonjwa wake sitausimulia sana. Ulikuwa tumboni, na ulipogundulika ulikuwa umeshatembea. Daktari wa hapa Tabora alituweka chini akatueleza kwa upole. Hakusema hakuna tumaini, wala hakusema lipo. Alisema tukifika Mwanza kuna tiba inayoweza kumpa muda kidogo, kwa baadhi ya watu, si kwa wote, na kwamba safari yenyewe ingemchosha. Alisema uamuzi ni wetu. Mke wangu aliniangalia. Mimi nilimjibu daktari, "Tutakwenda." Nilijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Basi lilipofika Nzega, shemeji yangu alikuwa amesimama stendi na mfuko wa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo dada yake alivipenda tangu utotoni. Akaupitisha dirishani. Walishikana mikono pale dirishani muda wote basi liliposimama. Kisha mke wangu akanigeukia.

"Fundi, tushuke hapa na huyu. Tukalale Lusu."

Hakulia wakati anasema. Alisema kama mtu anayesema kuna mvua.

Nikamwambia, "Twende tu. Tumeshaianza safari."

Hakurudia. Alifungua mfuko akanipa kiazi kimoja, akachukua kimoja. Alifariki Mwanza siku ya tisa. Kule hospitali walimhudumia vizuri, sina neno nao. Ila mimi, mtu ambaye nimechonga majeneza ya nusu ya mtaa wetu, nilimleta mke wangu nyumbani kwenye jeneza la kununua, la mbao laini lililopakwa rangi nyeupe, na mbao zangu za mninga zimeegemea ukuta wa karakana. Tulipita Nzega tena. Shemeji alipanda pale stendi, akakaa nami mpaka Tabora, na hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kisha nikafanya kosa la pili.

Kwetu watani wana kazi yao msibani. Mtani anaweza kuzuia shimo lisifukiwe mpaka apewe kitu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea na kuongea kama yeye, akawachekesha waliokuwa wanalia. Mgeni anaweza kudhani ni utovu wa adabu. Lakini wazee wanasema hapo ndipo marehemu anapoagwa na mtu ambaye haruhusiwi kumwogopa. Mimi niliwaambia wazee sitaki. Nilisema nataka mazishi ya kimya. Walinionea huruma, wakakubali.

Mgogo hakuweza kusafiri kwa sababu ya mguu. Alinipigia asubuhi ya mazishi. "Mtani, niweke sauti kubwa pale kaburini. Dakika mbili tu. Nimekula kwenye sufuria ya huyu mama miaka mingi, siwezi kunyamaza."

Nikasema, "Hapana."

"Mtani, ni kazi yangu hiyo."

"Nimesema hapana." Nikakata simu.

Watu walisifu mazishi. Walisema yalikuwa na utaratibu mzuri. Ni kweli yalikuwa na utaratibu. Hakuna aliyecheka hata kidogo, na mke wangu alikuwa mtu wa kuchekesha stesheni nzima.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo, mchana, simu yake ililia kengele yake ya mchezo. Meza ilikuwa inamwita. Niliitazama. Sufuria ilikuwa pale, na visahani vyake vyote vimepangwa mbele yake. Nikabonyeza kitufe cha kukaa mezani.

Shemeji na Mgogo walikuwa kwenye maongezi.

"Ni mimi," nikasema.

"Karibu, shemeji," shemeji akasema.

Mgogo akasema, "Shikamoo sikupi, maana wewe ni mpagazi. Lakini karibu." Hakutaja mazishi. Mimi pia sikutaja.

Ndivyo nilivyoanza kutupa. Wazo langu lilikuwa dogo. Vile visahani alivishinda yeye, kwa akili yake, mmoja mmoja. Kama sitaweka dau sitashindwa, na kama sitashindwa sufuria itabaki mezani na mali yake mbele yake. Najua vizuri kwamba ukiishiwa, mchezo unakupa visahani vingine vya bure. Lakini hivyo vingekuwa vya mchezo. Hivi vilikuwa vyake. Nilikuwa sina kitu kingine chake kilichokuwa bado kiko katikati ya shughuli. Nguo zake zilikuwa kwenye sanduku. Sufuria yenyewe ilikuwa jikoni, kavu.

Nilichosahau ni hongo. Hongo huilipi kwa kupenda. Kila zamu ilipozunguka, visahani viwili vitatu viliondoka mbele ya sufuria, vikaenda kwa jogoo au kwa kofia. Jumapili moja, mbili, tano. Nilikuwa nalinda rundo, nalo linapungua mbele ya macho yangu. Shemeji alianza kunionea uchungu.

"Shemeji, cheza basi hata mmoja."

"Bado."

"Bado nini?"

Nikabonyeza kutupa. Mgogo ndiye hakusema lolote, na Mgogo kunyamaza si kawaida. Hakuniita mpagazi tena baada ya ile siku ya kwanza. Hakunidai hongo. Alicheza kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya benki.

Jumapili ya kumi na mbili nilirudi kutoka ibadani, nikala viporo, nikakaa uani kwenye kigoda chake. Niliwasha simu zote mbili, yangu nikaiweka juu ya kigoda cha pili. Mbele ya sufuria vilikuwa vimebaki visahani vichache sana, vya kulipa hongo labda mizunguko minne tu. Shemeji alikuwa juu ya kichuguu, nasikia upepo unapiga mwavuli.

Karata zikagawiwa. Ilikuwa zamu yangu ya hongo, ikakatwa yenyewe. Nikazifungua zangu. Nane ya kopa na nane ya shupaza.

Shemeji akasema, "Mimi natupa. Hizi hata kuku hawadonoi."

Ikabaki zamu ya Mgogo. Kisha akasukuma visahani vingi kuliko vyangu vyote vilivyobaki. Yaani nikifuata, naweka vyote. Nikishindwa, kiti cha mke wangu kinabaki kitupu leo hii.

Na hapo Mgogo akasema, kwa sauti ya juu, ile ya zamani ya stesheni:

"Tua mzigo, mpagazi! Umeubeba kutoka Mwanza, hujauweka chini hata uoge!"

Shemeji akasema, "Heee, wewe baba!" lakini taratibu.

"Usininyamazishe, na wewe Mnyamwezi mwenzake," Mgogo akamwambia. "Nilinyamazishwa siku ya mazishi, nikakubali, nikasema mtani wangu ana uchungu, nimwache. Wiki kumi na moja namwacha! Anakaa kwenye kiti cha mama wa watu kama kuku anayeatamia mawe. Mtani, huyu mama alikuwa anacheza! Angekuona unatupa ree mbili angekupiga mwiko."

"Umejuaje nilitupa ree mbili?"

"Sikujua. Kumbe ulizitupa?" Akapaza sauti kwa furaha. "Mungu wangu, amezitupa! Mama, umemsikia mumeo?"

Shemeji alianza kucheka. Alijizuia, kisha akashindwa, nikamsikia anacheka kule juu ya kichuguu na kulia kwa pamoja, mwavuli unagonga simu.

Kwenye kioo kuna mstari wa kijani unaopungua kukuonyesha muda uliobaki wa kuamua. Ulikuwa umeshaanza kupungua. Kuna kitufe cha kuomba muda zaidi, nikakibonyeza. Nane mbili. Kidole changu chenyewe kilikuwa kimeshakwenda upande wa kutupa, kwa mazoea.

Nilijiuliza swali lake, moja kwa moja, kama alivyoniuliza pale uani mara nyingi. Fundi, ungefanyaje? Na niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Kwenye basi pale Nzega nilikataa kutupa. Hapa mezani nilikataa kucheza. Vinaonekana ni vitu viwili tofauti, kumbe ni kimoja. Mara zote mbili karata zilikuwa zake na mimi niliangalia ninavyompenda. Pale dirishani aliniambia wazi anachotaka, maneno sita au saba, na nilimjibu kwa maneno yangu. Hapa pia alishaniambia wazi. Angalia una njaa au umeshiba.

Nikaangalia. Visahani vilivyobaki mbele ya sufuria vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Ilikuwa njaa. Mtoto angeona kwamba ni njaa.

Mgogo alikuwa na nini? Sikujua. Angeweza kuwa na jozi kubwa kuliko yangu, nikafa palepale. Angeweza kuwa na karata mbili kubwa zisizofanana, na hapo ni nusu kwa nusu. Angeweza kuwa hana kitu, ananitania tu, maana ni kazi yake. Nikitupa, sufuria itabaki leo, labda na Jumapili ijayo, kisha hongo itaimaliza kimyakimya bila mtu kusema neno, mazishi mengine yenye utaratibu mzuri.

"Mtani," nikasema.

"Sema."

"Una nini mkononi?"

"Nina mguu mmoja na gongo la kutembelea," akasema. "Lipa uone."

Nikabonyeza kufuata.

Mtu akiweka vyote, karata za pande zote mbili zinafunuliwa. Mgogo alikuwa na ree na mfalme. Kwa hiyo nilikuwa mbele yake, lakini kwa upenyo mdogo: ikitoka ree moja au mfalme mmoja katika zile tano, amenipita.

"Aaa, nane mbili!" akasema. "Uji wa mama!" Alikuwa anaujua. Naye alikuwa ameambiwa. Sijui kwa nini nilikuwa nimedhani maneno yale aliniambia mimi peke yangu.

Zikafunuliwa tatu. Mbili, tisa, sita.

"Kaa hapohapo, dada," shemeji akasema. Alikuwa anaiambia sufuria.

Ya nne. Jeki. Bado niko mbele. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Nilitaka sana zikae hivyo. Nasema kweli, nilitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu Mwanza.

Ya tano ikawa mfalme wa uru.

Visahani vikatoka mbele ya sufuria, vikateleza kuvuka meza mpaka kwenye kofia. Ile sufuria ikafifia, ikawa ya kijivu. Chini yake pakatokea swali: unataka visahani vingine vya bure?

Upepo wa Lusu tu.

Kisha Mgogo akafanya kazi yake. Aliita kwa sauti ya mke wangu, ile ya saa nane mchana chakula kinapokwisha pale stesheni, akivuta neno la mwisho kama alivyovuta yeye, na hata kugonga sufuria kwa mwiko aligonga, sijui alitumia nini, labda gongo lake la kutembelea kwenye ndoo.

"Wali umekwishaaa! Umekwisha wa wenye hela, umekwisha na wa Wagogo! Mkalale kwenuuu!"

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilitoka puani, na kikaendelea mpaka nikakaa tena kwenye kigoda, na machozi yakaja ndani yake. Shemeji alikuwa anasema, "Ndiye yeye, ndiye yeye kabisa." Mgogo alirudia mara ya pili kwa sababu tulimwomba.

"Sasa nimemzika," akasema. "Pole sana, mtani wangu."

"Asante," nikasema. "Nisamehe kwa ile siku."

"Utanilipa asali. Ya Tabora, siyo ya dukani. Tena debe."

"Nitakupa chupa."

"Wapagazi ni wachoyo," akasema, na tukajua tumerudi.

Sitaki mtu adhani yale mambo mawili nimeyafanya kuwa moja. Nane mbili zile nilizicheza sawasawa na nikashindwa, na hilo linanipa amani, kwa kuwa nilimsikiliza. Ya Nzega sikuicheza sawasawa. Labda angefariki Lusu siku ya pili. Labda siku ya ishirini, kwenye jeneza la mninga, mdogo wake akimshika mkono. Sijui, na hakuna wa kunifunulia karata zile. Ninachojua ni kwamba nilimsikia aliposema tushuke. Nitaishi nalo, na siombi mtu aniondolee.

Lile swali la visahani vya bure sikulijibu. Nilipangusa vumbi la mbao kwenye kioo kwa ncha ya shati, nikaizima simu yake. Niliibeba ndani nikaiweka kwenye sanduku, juu ya gauni lake la kwaya. Niliporudi uani ile simu yangu ndogo ilikuwa bado inaongea peke yake juu ya kigoda. Walikuwa wanabishana.

"Shemeji upo?" shemeji akauliza. "Huyu mtu anasema wawili hatutoshi, meza inapwaya."

"Simu yangu haina uwezo wa mchezo huo," nikasema.

"Katafute nyingine pale madukani Kanyenye, hata iliyotumika," Mgogo akasema. "Ukishaipata, weka picha ya randa. Jumapili ijayo unapita kwangu, na hongo yako naijua."

Nilisema nitaona. Kisha nikaenda karakana, nikazilaza chini zile mbao za mninga zilizokuwa zimeegemea ukuta, nikazipima. Zilitosha benchi moja la watu watatu. Nimelichonga, na nimelipeleka kwa gari la mizigo mpaka Lusu, liwekwe juu ya kile kichuguu, maana shemeji yangu amekaa chini na siafu vya kutosha.